Mbu wa Remba na Ukoo wa Mama

Usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa omena wa kisiwa cha Remba, Kaunti ya Homa Bay, huingia ziwani na taa zao. Nyuma yao hubaki kisiwa kidogo cha mawe, nyumba za mabati zimebanana, na watoto wamelala katika ukanda wenye malaria nyingi kuliko kwingine kokote Kenya.

Mbu akinaswa ukanda huu na kuwekwa chini ya darubini, hata mtaalamu hushindwa kusema kama ni Anopheles gambiae au Anopheles arabiensis. Sura ni moja. Tabia ndizo mbalimbali. Gambiae hufuata damu ya binadamu mpaka ndani ya nyumba. Arabiensis hunywa ya ng'ombe pia, na mara nyingi huuma nje. Ndiyo maana huko Asembo, Kaunti ya Siaya, vyandarua vyenye dawa vilipoenea gambiae alipungua sana, arabiensis akasalia.

Basi wanasayansi wakageukia DNA, hasa ile ya mitokondria, vijiwanda vya nishati ndani ya seli. Ina jeni 37 tu, na mtoto huirithi kwa mama peke yake. Ya gambiae ilisomwa yote mwaka 1993: herufi 15,363, zaidi ya robo tatu zikiwa A na T. Kwa kuwa kila seli ina nakala nyingi za DNA hiyo, hata mguu wa mbu mkavu unatosha. Herufi za mbu wawili zikilinganishwa, tofauti chache huonyesha undugu wa karibu. Tofauti nyingi, kwamba waliachana zamani.

Ila mbu hawa waliwahi kuzaliana wao kwa wao. Mitokondria ya gambiae na arabiensis inafanana mno, ungedhani ni watoto wa tumbo moja. Mwaka 2015 jenomu zao nzima zilipochambuliwa, kromosomu ya X ilisimulia habari nyingine: wawili hao si ndugu wa karibu kiasi hicho, bali jeni zilivuka kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine. Jambo hilo si dogo. Afrika Magharibi, jeni ya kuhimili dawa ya vyandarua ilivuka kwa njia hiyo kutoka gambiae kwenda kwa jamaa yake, coluzzii. Kusoma ukoo wa mama pekee ni kusikiliza upande mmoja wa familia.

Hata hivyo upande huo bado una kazi. Mwaka 2020 watafiti wa icipe, taasisi yenye kituo Mbita, na wenzao wa Glasgow walieleza habari za Microsporidia MB, kijidudu kinachoishi ndani ya arabiensis na kumzuia asibebe vimelea vya malaria. Mbu jike hukirithisha watoto wake, sambamba na mitokondria.