Taa za Nyuma: Macho ya Anayekufuata



Mtu akitaka kununua pikapu au trekta, kwanza anaangalia injini, halafu tairi, halafu taa za mbele. Taa za nyuma anaziangalia mwisho, au haziangalii kabisa. Sababu yake ni rahisi: taa za mbele zinamsaidia yeye mwenyewe kuona, lakini za nyuma zinamsaidia mwingine. Hata zikizimika, dereva ataendelea na safari yake bila kujua. Anayejua ni yule anayekuja nyuma, na mara nyingine anajua akiwa amechelewa.

Hapa kwetu Ekero jambo hili si dogo. Barabara ya Mumias kwenda Kakamega imezoea trekta na trela za miwa tangu kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga mwaka 1973. Mwaka 2019 kiwanda hicho kiliwekwa chini ya mrasimu, na baadhi ya miwa ikawa inapelekwa mbali zaidi, hata Kabras na Butali. Safari ikirefuka inaingia usiku. Na trela la miwa likitoka shambani lina matope, na majani ya miwa yananing'inia nyuma hadi kufunika taa, kama taa zenyewe zipo.

HESABU YA SEKUNDE TATU

Tufanye hesabu kidogo. Matatu inakimbia kilomita 80 kwa saa. Mbele yake trekta inavuta trela kwa kilomita 20 kwa saa. Tofauti ni kilomita 60 kwa saa, yaani kila sekunde matatu inamkaribia mwenzake kwa mita 17 hivi. Usiku, dereva akiwa ameshusha taa kwa ajili ya gari linalokuja, anaona barabara kama mita 50 tu. Basi ana sekunde 3. Sekunde moja na zaidi inaisha kabla mguu haujafika kwenye breki. Zinazobaki hazitoshi, hasa lami ikiwa imelowa.

Sasa weka taa nyekundu nyuma ya trela, zikionekana kutoka mita 300. Dereva yule yule anapata sekunde 17 au 18. Anapunguza mwendo pole pole, anapita salama, na abiria hata hawajui kulikuwa na hatari.

Tena, taa moja haitoshi. Trela lenye taa moja nyuma linafanana na pikipiki. Anayekuja anadhani ana nafasi ya kupita, kumbe mbele yake kuna chuma upana wa barabara nusu. Ndiyo maana taa huwekwa mbili, moja kila upande, karibu na ukingo: zinamwonyesha mwenzako upana wako.

JINSI ZINAVYOFANYA KAZI

Umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi na swichi, unafika kwenye balbu, halafu lazima urudi kwenye betri. Njia ya kurudi haina waya mrefu. Umeme unarudi kupitia chuma cha gari lenyewe. Hiyo mafundi wetu wanaiita arthi. Njia ya kwenda au ya kurudi ikikatika, taa haiwaki.

Magari mengi madogo na matrekta mengi hutumia volti 12. Malori makubwa hutumia volti 24. Balbu ya volti 12 ukiitia kwenye lori itaungua mara moja, kwa hiyo soma maandishi yake kabla ya kulipa.

Ukitoa balbu ya nyuma, mara nyingi utaona nyuzi mbili ndani. Uzi mdogo ni wa wati 5, huwaka wakati wote ukiwasha taa. Uzi mkubwa ni wa wati 21, huwaka ukikanyaga breki. Tofauti hiyo ni lugha. Mwangaza mdogo unasema "niko hapa," mwangaza mkubwa unasema "nasimama." Nyaya zikiunganishwa kinyume, gari linasema "nasimama" usiku kucha, na siku likisimama kweli hakuna atakayeamini.

Balbu hiyo ina pini mbili pembeni, na moja iko juu kuliko nyingine. Zimewekwa hivyo makusudi ili isiingie kinyume. Ukikataliwa, usisukume kwa nguvu, igeuze. Na fundi akitaka kuzisaga pini kwa tupa ili balbu ya uzi mmoja iingie, mkataze.

TAFUTA UGONJWA KABLA YA DAWA

Wengi hununua balbu mpya kumbe ugonjwa uko kwingine. Angalieni hivi:

1. Taa moja imezimika, nyingine inawaka. Toa balbu. Uzi umekatika au kioo kimekuwa cheusi? Badilisha. Kama ni nzima, angalia mahali inapokaa. Kutu ikiwepo, sugua kwa msasa laini.

2. Taa za nyuma zote mbili zimezimika, lakini za breki zinawaka. Angalia fyuzi, kisha swichi ya taa.

3. Za breki zote haziwaki. Angalia fyuzi yake, halafu swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya breki. Mara nyingi waya wake umechomoka tu.

4. Ukiwasha indiketa, taa nyingine nayo inapepesa, au ukikanyaga breki zote zinafifia. Hapo usinunue balbu. Huo ni ugonjwa wa arthi. Tafuta waya unaofungwa kwenye chuma, fungua bolti, sugua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kaza tena, paka grisi kidogo juu.

5. Fyuzi inaungua kila ukibadilisha. Kuna shoti: waya umechubuka na unagusa chuma. Tafuta mahali hapo. Usiweke kipande cha waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi! Fyuzi iliwekwa iungue yeye ili gari lisiungue.

Kikundi kinaweza kujitengenezea kipimo. Chukua balbu ndogo ya volti 12 na nyaya mbili. Waya mmoja gusisha kwenye chuma safi cha gari, mwingine mahali umeme unapofikia balbu. Kipimo kikiwaka, umeme unafika. Basi ugonjwa ni balbu au arthi. Kisipowaka, rudi nyuma kuelekea kwenye fyuzi.

TRELA LINA MAMBO YAKE

Trela hupata umeme kwa plagi ya pini saba. Kwa mpangilio unaotumika sana kwa volti 12, waya nyeupe ni arthi, nyekundu ni breki, nyeusi ni taa ya nyuma kushoto, kahawia ni ya nyuma kulia, njano ni indiketa ya kushoto na kijani ni ya kulia. Lakini trela likishapita mikono mingi, rangi huchanganywa. Amini kipimo kuliko rangi.

Usitegemee chuma cha kuunganishia trela kuwa arthi. Kina grisi na kinachezacheza. Waya wa arthi upite kwenye plagi. Kebo iwe na urefu wa kutosha kona, lakini isiburute chini, maana shambani itakanyagwa na kukatika.

Pia weka riflekta nyekundu mbili nyuma, ukingoni. Hazitaki betri wala fundi, zinataka kufutwa matope tu. Mkokoteni na baiskeli navyo ziwe nazo.

Kioo chekundu kikipasuka usikiache hivyo. Mwanga mweupe nyuma unamdanganya mwenzako kwamba gari linamjia.

MKIHARIBIKIWA NJIANI

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inadai taa usiku, na hata gari lililokufa bado ni hatari. Litoeni barabarani kama inawezekana. Wekeni laifseva mbali nyuma, hatua 60 au zaidi, si karibu na bampa. Matawi ya miti tuliyozoea kuweka hayang'ai usiku. Na yale mawe mnayozuilia tairi, yaondoeni mkiondoka. Jiwe lililosahaulika halina taa ya nyuma.

KAZI YA KIKUNDI

Kama kikundi chenu kina gari au kinakodi trekta, chagueni mtu mmoja wa kuangalia taa kila jioni kabla ya safari. Mmoja akae ndani akanyage breki na kuwasha indiketa, mwingine asimame nyuma. Ni kazi ya dakika mbili. Wekeni balbu mbili na fyuzi kadhaa ndani ya gari, pamoja na kitambaa cha kufuta matope. Na msikubali mzigo wenu wa miwa uondoke usiku kwa trela lisilo na taa, hata dereva akisema ana haraka. Mliolima miwa hiyo ni ninyi, na wanaopita barabara hiyo ni watoto wenu.

Maswali ya kujadili:
- Ni mahali gani kwetu ambapo magari husimama usiku bila alama?
- Nani atakuwa mwangalizi wa taa, na dereva akikataa tutafanya nini?
- Tunaweza kuchanga kiasi gani tununue riflekta za mikokoteni na baiskeli zetu?