Kuwafuatilia Mababu Wajerumani Waliohamia Marekani

Mtu anayechunguza nasaba ya Wajerumani waliohamia Marekani huhitaji kujua jina la kijiji alikotoka mhamiaji kabla ya mengine yote. Ujerumani iliungana kuwa dola moja mwaka 1871. Kabla ya hapo palikuwa na falme, maeneo ya watawala wadogo na miji huru, kila moja ikiwa na sheria zake. Kuzaliwa, kuoa na kufa kuliandikwa na kasisi wa parokia au mchungaji wa usharika, na baadaye na karani wa serikali wa mahali hapohapo. Haikuwako rejista moja ya nchi nzima. Kwa hiyo neno “Prussia” au “Bavaria” katika sensa ya Marekani, hata likiwa sahihi, halitoshi kumwonyesha mtafiti rejista ya kufungua.

Wahamaji wenyewe walikuwa wengi. Mwaka 1683 familia 13 kutoka eneo la Krefeld zilianzisha makazi ya Germantown karibu na Philadelphia, na tangu 1820 hadi Vita Kuu ya Kwanza zaidi ya Wajerumani milioni 5 waliingia Marekani. Katika umati huo majina ya koo yalijirudia mno, na ndiyo sababu utafiti huanzia upande wa Marekani, ukitoka kwa kizazi kinachojulikana na kurudi nyuma hatua kwa hatua.

Sensa ya mwaka 1900 iliuliza mwaka ambao mgeni alihamia. Ile ya 1890 karibu yote ilipotea kufuatia moto wa mwaka 1921. Hati za uraia za kabla ya 1906 mara nyingi hutaja tu mtawala aliyekanwa, kama Mfalme wa Prussia. Kuanzia Septemba 1906 fomu zilidai mahali pa kuzaliwa, jina la meli na tarehe ya kufika. Jina la kijiji hupatikana zaidi katika vitabu vya makanisa ya Kilutheri na Kikatoliki yaliyoanzishwa na wahamiaji, katika tanzia za magazeti ya Kijerumani yaliyochapishwa Marekani, na kwenye mawe ya makaburi. Hayo yote yakikosekana, wachunguzwe majirani, mashahidi wa ndoa na wasimamizi wa ubatizo. Watu wa kijiji kimoja walifuatana, hivyo asili ya jirani huweza kuonyesha asili ya babu.

Orodha za abiria nazo hazilingani kwa manufaa. Huko Philadelphia, tangu 1727, wanaume wa kigeni wenye umri wa miaka 16 na zaidi walitakiwa kula kiapo cha utii, na majina yao yamehifadhiwa, lakini kwa kawaida bila kijiji. Orodha za bandari ya Hamburg, za kuanzia 1850 hadi 1934, zimesalia kwa sehemu kubwa na hutaja mahali abiria alipoishi kabla ya safari. Za Bremen karibu zote zimepotea: nyingine zilitupwa kwa kukosa nafasi ya kuzihifadhi, nyingine ziliangamia katika Vita Kuu ya Pili. Wengine waliondokea Le Havre, Antwerp au Rotterdam.

Majina yanataka uangalifu. Si kweli kwamba makarani wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji kilichofunguliwa mwaka 1892, waliwabadilishia wageni majina; walitumia orodha zilizoandaliwa bandarini walikotoka. Mabadiliko yalikuja taratibu katika maisha ya kila siku: Müller akawa Miller, Schmidt akawa Smith, Zimmermann akawa Carpenter. Tena ndugu kadhaa waliweza kubatizwa wote kwa jina la Johann, kila mmoja akiitwa kwa jina lake la pili. Katika Westfalen mwanamume aliyeoa mrithi wa shamba aliweza kuchukua jina la shamba hilo.

Jina la kijiji likipatikana, hutafutwa katika kamusi ya Meyer ya mahali katika Dola ya Ujerumani, toleo la 1912, inayoonyesha wilaya, ofisi ya usajili na makanisa ya kila kijiji. Vijiji vingi vina jina moja, hivyo jimbo lililotajwa katika sensa sasa husaidia kuchagua. Sehemu kubwa ya Pomerania na Silesia, zilizokuwa ndani ya dola hiyo, leo iko Poland, na nyaraka zake nyingi zimo katika hifadhi za nchi hiyo.

Usajili wa serikali ulianza 1798 katika maeneo ya magharibi ya mto Rhine yaliyokuwa chini ya Wafaransa, ukaingia Prussia Oktoba 1874, na dola nzima Januari 1876. Kwa sheria ya sasa, rejista za kuzaliwa hufunguliwa baada ya miaka 110, za ndoa 80 na za vifo 30. Kabla ya usajili huo, tegemeo ni vitabu vya kanisa. Baadhi vilianza karne ya 16, ingawa vingi viliharibiwa katika Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648). Mtandao wa Archion huonyesha vitabu vya Kiprotestanti, na Matricula hasa vya Kikatoliki. Vingi vimeandikwa kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani uitwao Kurrent, ambamo herufi e hufanana na n. Alfabeti yake hujifunzwa kwanza.

Kumpata mtoto mwenye jina lilelile hakutoshi. Tarehe ya kuzaliwa na majina ya wazazi yalinganishwe na kumbukumbu za Marekani, kisha rejista za vifo na ndoa za kijiji zisomwe. Mtoto aliyezikwa akiwa mchanga, au aliyeoa na kuzeekea hapo, siye aliyepanda meli, na utafutaji uendelee hadi apatikane yule ambaye kumbukumbu za pande zote mbili zinamthibitisha.