Gishe ni moja, lakini uchovu si mmoja

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa kambi,

Kila mara tunasema juu ya kofia ya kazi na vumbi la mgodi. Leo tuseme juu ya kiti cha banki, kwa sababu wengi wenu mna bibi, dada ao binti anayefanya kazi pale. Mtu wa mgodini anasema: yule anaketi kivulini, anachoka na nini?

Mwanamume na mwanamke wanaoketi kwenye gishe wanahesabu feza za watu mchana kutwa. Noti moja ikipunguka, wanaulizwa. Shingo inakaza, mgongo unauma, macho yanawaka. Hapo wako sawa. Lakini mteja mwenye hasira anamwambia mama: «Niitie mwanamume.» Naye lazima amjibu vizuri. Jioni akifika nyumbani, makala, maji na watoto vinamngoja.

Kuna jambo ambalo watu wanaona haya kulisema. Mstari wa wateja ukiwa mrefu, mama anazuia mkojo, tena hanywi maji ili asitoke. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi kuliko ya mwanamume, kwa hiyo vijidudu vinafika upesi kwenye kibofu. Mkojo ukichoma, ao ukitoka kidogo kidogo kila mara, njoo dispanseri. Ukiwa na homa na maumivu ya ubavuni, njoo siku ile ile. Mwenye mimba asingoje hata dalili moja tu ikionekana.

Na mwanamume? Yeye halalamiki, basi tunamwita mwenye nguvu. Anameza hasira yake, jioni anaizamisha katika bia. Damu inapanda bila kumwonyesha alama yoyote, nasi tunampokea akiwa amechelewa. Bwana, njoo upimwe damu ungali mzima.

Sheria ya familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kabla ya kujifunga kwa kazi. Mwaka wa 2016 ruhusa hiyo iliondolewa. Sasa bwana na bibi wanapaswa kupatana. Kwangu mimi, kupatana kunaingia hata jikoni: bwana aliyepumzika baada ya zamu anaweza kuteka maji.

Sheria ya kazi ya 2002 nayo inampa mama wiki 14 za uzazi. Akirudi kazini akinyonyesha, ana nusu saa mara mbili kwa siku kwa ajili ya mtoto. Amwambie mkubwa wake mapema, kabla ya kujifungua, ili mtu wa kushika gishe yake apatikane.