Maganda Madogo na Umri wa Mawe

Mzee aweza kutuambia umri wake. Jiwe halina kinywa. Tutajuaje umri wake?

Fundi akijenga ukuta, huweka tofali la kwanza chini, na la mwisho juu. Ndivyo yalivyo matope yanayotua chini ya bahari: tabaka la chini ni la kale kuliko la juu. Baada ya miaka mingi sana matope hayo hugeuka kuwa mwamba.

Baharini wamo viumbe wadogo sana, waitwao foraminifera. Wengi hawafiki milimita 1. Wengi hujijengea ganda la chokaa. Wakifa, maganda yao huanguka na kuzikwa katika matope. Lakini aina zao hazikuishi zote wakati mmoja: nyingine zilikwisha, nyingine zikatokea. Aina iliyoenea mbali, na kuishi muda mfupi, hutufaa sana. Tukiikuta katika miamba ya nchi mbili, twajua kwamba miamba hiyo ni ya wakati mmoja.

Tazameni mfano. Karibu na mji wa Gubbio, katika Italia, kuna miamba ya chokaa yenye rangi nyekundu. Wataalamu walikata vipande vyembamba vya mawe yake, wakavitazama kwa mikroskopi. Katika mawe ya chini waliona maganda ya aina nyingi. Juu yake pana udongo wenye unene kama sentimita 1 tu. Juu ya udongo huo karibu aina zote za kwanza hazimo tena; yamo maganda machache, madogo sana. Badiliko hilo hilo laonekana El Kef, katika Tunisia, huku Afrika.

Viumbe hao walikufa kwa sababu gani? Mwaka 1980 Luis Alvarez, mwanawe Walter na wenzao wawili walieleza kwamba udongo ule una iridiumu nyingi, madini yaliyo haba katika mawe ya juu ya nchi. Walisema jiwe kubwa mno lilianguka kutoka angani. Baadaye shimo lake lilitambuliwa huko Meksiko.

Maganda huonyesha kilichotangulia na kilichofuata, hayahesabu miaka. Miaka huhesabiwa kwa kupima madini ya majivu ya volkano yaliyo katika matabaka ya wakati ule ule. Hivyo twajua kwamba ilikuwa yapata miaka milioni 66 iliyopita. Na sasa, mtu akiona badiliko lile la maganda katika mwamba mwingine, hata usio na majivu, aweza kutaja umri wake.

Maswali
1. Tabaka gani ni la kale zaidi, la chini au la juu? Kwa nini?
2. Maganda hutuonyesha nini? Majivu ya volkano je?