Kishindo cha Gia Si Lazima Kitoke Kwenye Giaboksi

Ukitoa mpini wa gia N ukaupeleka D, na Probox ikaruka kama punda aliyechapwa, jirani wa kwanza kufika atakwambia giaboksi imekwisha. Wa pili atakuwa tayari na nambari ya muuza giaboksi za mtumba kutoka Japani. Hukumu ya aina hii huweza kutolewa upesi katika gereji za jua kali, Kaptembwo hapa Nakuru na kwingineko, pengine kabla boneti haijafunguliwa. Mimi naipinga. Giaboksi ndiyo ya mwisho kushukiwa, maana ndiyo ghali kuliko vingine vyote, na ikishafunguliwa ovyo hairudi ilivyokuwa.

Jiulize kwanza gari linashtuka wakati gani. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi injini baridi huzunguka kasi ili ipate joto. Ukiingiza gia dakika hiyo, mshtuko mdogo ni wa kawaida. Ngoja mshale wa mizunguko ushuke. Injini ikishapata moto, gia ikiwa D na mguu uko kwenye breki, magari mengi madogo ya Kijapani hutulia kwenye mizunguko kati ya 600 na 800 kwa dakika. Yako ikibaki 1,100, ugonjwa uko upande wa injini: throtoli imeganda uchafu kwa sababu ya vumbi na chujio lililochakaa, au mpira wa hewa umepasuka. Dawa ya kusafishia na kitambaa huenda vikatosha.

Kama kishindo husikika unapotoa P tu, na gari liko mteremkoni, giaboksi haina kosa. Uzito wote wa gari umeegemea kijino kidogo cha chuma. Unapoegesha, vuta breki ya mkono kwanza, uachie breki ya mguu gari litulie, ndipo utie P.

Halafu kuna mauntingi, mipira inayobeba injini na giaboksi. Kwa matuta na mashimo tuliyo nayo, huchanika mapema. Kuipima hakuhitaji mashine: boneti wazi, breki ya mkono juu, mguu kwenye breki, mtu mmoja anapeleka gia D kisha R huku mwingine akitazama akiwa pembeni, asisimame mbele ya gari kamwe. Injini ikiinuka na kuanguka kwa kishindo, umeshampata mwizi.

Oili ndiyo inayozua ubishi. Duka likikwambia oili ya otomatiki ni moja tu, ondoka. Toyota za zamani hutumia T-IV na za baadaye WS, na hizo mbili hazibadilishani. Nissan zenye CVT, yaani giaboksi ya mkanda, hutaka NS-2 au NS-3, Honda Fit za mwanzo HMMF. Ukiitilia CVT oili ya giaboksi ya kawaida, mkanda wake wa chuma huteleza na kujila. Magari mengi yenye kijiti cha kupimia hupimwa yakiwa na moto, injini inanguruma, mahali tambarare, baada ya mpini kupitishwa gia zote. Honda nyingi hupimwa muda mfupi baada ya injini kuzimwa. Oili ya kahawia inayonuka kuungua imechoka. Vipande vya chuma ndani yake ni habari mbaya zaidi. Ukiifungulia plagi ya chini, sehemu kubwa hubaki ndani ya konveta, kwa hiyo huenda ukairudia kazi hiyo mara mbili au tatu.

Joto ndilo huichosha oili. Probox iliyojazwa viazi ikipanda kuelekea Timboroa, zaidi ya mita 2,700, huipika vizuri. Wakati wa kurudi, wapo wanaotia nyutro kwenye mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa ili kuokoa petroli. Tabia hiyo imewaponza madereva wa malori hapo kwa miaka mingi. Kwenye otomatiki ina adhabu ya pili: kurudisha D gari likiwa mbioni huzigonga klachi ghafla.

Kompyuta nayo isomwe kabla mtu hajafuta kitu. Msimbo P0700 unasema tu kwamba kompyuta ya giaboksi imehifadhi hitilafu; hautaji kifaa kilichoharibika. Ikishuku solenoidi, kompyuta huweza kuikatia umeme, na shinikizo la oili hupanda hadi kikomo ili klachi zisiteleze. Matokeo yake ni teke kali kila unapoingiza gia, hata kama klachi ni nzima. Waya uliolika huweza kuleta hayo yote.

Kinachonitia hofu hasa ni kuchelewa. Kipimo cha Toyota ni sekunde 1.2 kutoka N hadi D, na 1.5 kutoka N hadi R. Gari likikaa sekunde tatu ndipo lishtuke, na oili imejaa tena ni safi, basi shinikizo linavuja ndani au klachi zimelika. Hapo fundi ana haki ya kuzungumzia kuishusha giaboksi.

Kabla hujatuma malipo ya awali, mwambie akuonyeshe kwa macho mshale wa mizunguko, mauntingi, oili na misimbo. Akikataa, tafuta fundi mwingine.