Shule ya Lugha Hupimwa kwa Kinywa cha Mwanafunzi: Kuchagua Mahali pa Kujifunza Kijerumani Pwani ya Kusini ya Kenya

Utangulizi

Neno shule ni mgeni aliyekaribishwa akawa mwenyeji. Asili yake ni Schule, neno la Kijerumani lililoingia katika Kiswahili wakati Wajerumani walipotawala Tanganyika, nalo likaenea hata ng'ambo ya mpaka wa Vanga na Lunga Lunga. Kabla ya hapo, mtoto wa pwani alikuwa akienda chuoni kusoma Kurani. Leo, zaidi ya miaka 100 tangu utawala huo ukome, vijana wa Ukunda, Diani na Msambweni wanatafuta shule za kujifunzia lugha ile ile iliyotupa neno hilo.

Haja yao si ya kushangaza. Tangu miaka ya 1970 hoteli za Diani zimekuwa zikipokea wageni wengi kutoka Ujerumani, Uswisi na Austria, na Kijerumani kikawa lugha ya kazi kwa mhudumu wa mezani, mchuuzi wa vinyago na nahodha wa mashua. Siku hizi haja hiyo imevuka ufuo wa bahari: wapo wanaotaka kuwafuata wenzi wao wa ndoa Ulaya, na wapo wanaotafuta kazi ya uuguzi au nafasi ya masomo. Kila mmoja wao hutoa karo, mara nyingi iliyochangwa na jamaa nzima. Makala haya yanakusudia kufafanua jinsi ya kuipima shule ya lugha kabla ya kutoa karo hiyo. Yanashikilia kwamba shule hupimwa kwa kile inachokifanya kinywa cha mwanafunzi kitamke, wala si kwa cheti kilichotundikwa ukutani.

Lengo hutangulia shule

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo, mkulima mwenye busara hujua kwanza kama anakwenda kulima mpunga bondeni au kupanda minazi. Vivyo hivyo, swali la kwanza si "shule ipi?" bali ni "Kijerumani cha kazi gani?"

Tangu mwaka 2001, Baraza la Ulaya lilipochapisha mwongozo wake wa pamoja wa lugha, umahiri wa lugha za Ulaya hupangwa katika ngazi sita: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Ngazi hizi ndizo zinazotumiwa na balozi, waajiri na vyuo vikuu. Tangu Agosti 2007, sheria ya Ujerumani humtaka mwenzi wa ndoa anayeomba viza ya kuishi na mwenzake huko aoneshe, kwa kawaida, umahiri wa ngazi ya A1. Muuguzi huhitaji kwa kawaida B2 ili sifa zake za kitaaluma zitambuliwe kikamilifu. Naye anayeongoza watalii kutembea juu ya mwamba wakati wa maji kupwa hahitaji cheti chochote. Anahitaji masikio na ulimi mwepesi.

Watu hawa watatu hawafai kuketi katika darasa moja kwa sababu tu wote "wanajifunza Kijerumani". Kijana aliyekiokota Kijerumani ufuoni kwa miaka mingi huzungumza kwa kasi, lakini huenda hajawahi kuandika sentensi moja. Akipelekwa kwenye darasa la wanaoanza atachoka kwa yale ayajuayo. Akipelekwa darasa la juu atakwama kwenye maandishi. Shule nzuri itampa jaribio la kumpanga kabla ya kupokea fedha zake, na jaribio hilo litahusu stadi zote nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Shule inayomwandikisha mtu bila kumsikia akisema neno haijui itamfundisha nini.

Hesabu ya vipindi

Kipimo cha pili ni hesabu. Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani duniani na yenye tawi jijini Nairobi, hukadiria kuwa mwanafunzi hufikia A1 baada ya vipindi 80 hadi 200 vya dakika 45. Kutoka mwanzo hadi B1 huhitajika vipindi 350 hadi 650, na hadi B2 vipindi 600 hadi 800. Tofauti ndani ya kila kadirio hutokana na lugha ambazo mwanafunzi anazijua tayari na bidii yake nje ya darasa.

Kwa takwimu hizi, msomaji anaweza kulipima tangazo lolote. Tuseme shule inafundisha vipindi 10 kwa juma. Mwanafunzi anayehitaji vipindi 120 kufikia A1 atasoma majuma 12, na anayehitaji 400 kufikia B1 atasoma majuma 40. Sasa tuseme tangazo linaahidi B2 kwa miezi mitatu, yaani majuma 12. Vipindi 600 vikigawanywa kwa majuma 12 ni vipindi 50 kwa juma, au 10 kila siku ya kazi, bila kuhesabu marudio ya nyumbani. Hapo ndipo methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, inapopata maana yake.

Idadi ya wanafunzi nayo ihesabiwe. Ikiwa mwalimu atachukua nusu ya kipindi kueleza, zitabaki takriban dakika 22. Wanafunzi 20 wakizungumza mmoja mmoja, kila mmoja atapata zaidi kidogo ya dakika 1. Wakiwa 8, kila mmoja atapata karibu dakika 3. Karo ya darasa dogo ikiwa juu kidogo, huenda ndiyo iliyo nafuu, kwa kuwa kinacholipiwa hasa ni muda wa kuzungumza.

Aidha, hesabu hii haina budi kuzingatia mahali. Kutoka Ukunda hadi Likoni ni takriban kilomita 30 kwa matatu, na baada ya hapo kuna kivuko. Mtembea kwa miguu halipi nauli ya feri, lakini hulipa kwa muda wake. Kwa mkazi wa Msambweni safari ni ndefu zaidi. Shule ya kawaida iliyo jirani, inayomwezesha kuhudhuria kila siku, yaweza kumfaa kuliko shule mashuhuri ya Mombasa atakayoifikia mara moja kwa juma. Kadhalika, wafanyakazi wengi wa hoteli hupata kipato wakati wa msimu na hupungukiwa kazi kuanzia Aprili hadi Juni, mvua za masika zinapoanguka. Shule inayoijua pwani itawaruhusu kuweka akiba ya karo wakati wa msimu na kusoma kwa mfululizo wakati wa masika.

Cheti cha nani?

Kipimo cha tatu ni cheti. Ipo tofauti kubwa kati ya cheti cha kuhudhuria, ambacho shule yoyote yaweza kukichapisha, na cheti cha mtihani unaotungwa na kusahihishwa kwa vigezo vya chombo kinachotambuliwa kimataifa. Kwa Kijerumani, vyeti vinavyotambuliwa sana ni vya Goethe-Institut, telc na ÖSD. Cheti cha kuhudhuria hakiwezi kushika nafasi ya vyeti hivi katika ombi la viza.

Ni vyema mwanafunzi aujue mtihani wenyewe mapema. Ule wa A1 wa Goethe-Institut kwa watu wazima una sehemu ya kusikiliza, kusoma na kuandika inayochukua dakika 65, na sehemu ya mazungumzo ya takriban dakika 15 ambamo watahiniwa hujitambulisha, huulizana maswali na huombana vitu. Alama ni 100 na anayepata 60 hufaulu. Kwa hiyo, maswali ya kumwuliza mwalimu mkuu ni haya: wanafunzi wenu hufanya mtihani wa chombo gani? Huufanyia wapi? Wangapi waliufanya mwaka uliopita, na wangapi walifaulu? Mwenye shule iliyo safi hataona haya kujibu.

Tahadhari hii ina uzito zaidi siku hizi. Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa uhamiaji na ajira. Punde zikaenea habari za nafasi 250,000 za kazi kwa Wakenya. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha, ikieleza kuwa mkataba haukutaja idadi yoyote. Hivyo basi, shule inayouza Kijerumani pamoja na ahadi ya kazi inauza vitu viwili, nayo ina mamlaka juu ya kimoja tu.

Mwalimu afundishaye kwa lugha gani?

Kipimo cha nne ndicho kinachowahusu zaidi wasomaji wa jarida hili. Madarasa mengi ya Kijerumani nchini hutumia Kiingereza kama lugha ya maelezo. Kwa njia hiyo, kijana wa Kwale hujifunza lugha ya kigeni kupitia lugha nyingine ya kigeni, na katika safari hiyo maana hupotea njiani.

Tuchukue mfano wa saa. Mjerumani akisema halb acht ana maana ya nusu ya kuifikia saa nane kwa hesabu ya Kizungu, yaani saa moja na nusu kwa Kiswahili. Maneno yayo hayo yakifasiriwa neno kwa neno kwa Kiingereza cha Uingereza, half eight, huwa na maana ya saa mbili na nusu. Mwongoza watalii aliyefunzwa kupitia Kiingereza bila kutahadharishwa atafika hotelini akiwa amechelewa saa nzima, na wageni watakuwa wamekwisha kuondoka na mashua ya mwingine. Mwalimu anayeeleza kwa Kiswahili angelimaliza jambo hilo kwa sentensi mbili.

Mifano mingine ni mingi. Nomino za Kijerumani zina jinsia tatu, nazo huandamana na der, die au das. Mwanafunzi akielezwa kupitia Kiingereza, ambacho kina kibainishi kimoja tu, the, huliona jambo hili kama adhabu. Lakini msemaji wa Kiswahili amezoea kuwa kitabu ni kizuri, mti ni mzuri na embe ni zuri. Dhana ya upatanisho wa kisarufi anayo tangu utotoni. Linalobaki ni kumwonesha kuwa umbo la nomino ya Kijerumani mara nyingi halidokezi jinsia yake, na ndiyo maana haina budi kukaririwa pamoja na kibainishi chake.

Katika matamshi, sauti ya ch iliyo katika Buch haimsumbui aliyesoma Kurani, kwa kuwa anaijua herufi kha. Kinachomsumbua ni konsonanti za mwisho wa neno, kwa sababu silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Hivyo gut huelekea kuwa guti. Mwalimu anayeujua ulinganisho huu hulielekeza zoezi pale penye ugumu halisi.

Vipimo hivi havikuishia kwenye Kijerumani. Anayetaka kujifunza Kithai, kwa mfano, atakabiliwa na toni tano na konsonanti zenye herufi 44, tena maneno huandikwa bila nafasi kati yake. Silabi mai yaweza kuwa "mpya", "si" au "hariri" kulingana na toni. Shule ya Kithai isiyofundisha toni na hati tangu mapema inamchelewesha mwanafunzi. Hapo msemaji wa Chidigo ana mtaji asioujua: Chidigo ni lugha ya toni, ilhali Kiswahili sanifu hutegemea mkazo. Ingawa toni za lugha hizo mbili hazifanyi kazi kwa namna moja, sikio lake halianzi patupu. Mwacha asili ni mtumwa, na katika darasa la lugha asili ni chombo cha kazi.

Hitimisho

Kwa muhtasari, mwenye kuchagua shule ajiulize mambo manne: lengo langu ni ngazi ipi, vipindi ni vingapi na nitazungumza kwa muda gani, mtihani ni wa chombo gani, na je, mwalimu anazijua lugha ninazotoka nazo nyumbani? Kabla ya kulipa, aombe kuketi darasani kwa kipindi kimoja, ahesabu ni mara ngapi wanafunzi wamefungua vinywa vyao.

Kwa upande wetu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, suala hili si la watalii na mawakala pekee. Seminari ya Lugha za Mashariki ilipoanzishwa Berlin mwaka 1887, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizofundishwa, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa akifundisha huko kuanzia mwaka 1900. Wajerumani walikwishatambua kuwa lugha hufundishwa vyema na anayeujua ulimi wake na ulimi wa mwanafunzi. Kijana wa Msambweni anastahili kitabu kinachomweleza Kijerumani kwa Kiswahili, kuanzia ngeli hadi saa. Kitabu hicho hakitaandikwa na mwenye hoteli wala na ubalozi. Kazi ya kukiandika ni yetu sisi tunaoisomea isimu linganishi ya Kiswahili.