Mtafiti wa Mbunge Akae Wapi?

Waziri akiitwa kujibu maswali ya wabunge kwenye ukumbi wa Kigobe, jijini Bujumbura, haji mikono mitupu. Nyuma yake iko wizara nzima, na wakurugenzi na mafaili yao. Mbunge anayemhoji mara nyingi ana kalamu na malalamiko ya wapigakura wake. Chukua suala la mafuta ya gari, ambalo limewapanga foleni wakazi wa Bujumbura kwa miaka sasa. Mafuta hayo hununuliwa kwa fedha za kigeni, na Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha sana thamani ya faranga mbele ya dola. Anayetaka kuhoji kwa nini pampu zimekauka lazima ajue kwanza nchi inatumia lita ngapi kwa mwezi, akiba ya fedha za kigeni inatosha kununua kiasi gani, nani amepewa kibali cha kuagiza, na kama bei iliyopangwa inamlipa mwagizaji au inamtia hasara. Bila hayo atauliza mafuta yatakuja lini, naye ataambiwa serikali inalishughulikia. Kikao kitafungwa hapo.

Dawa iliyozoeleka ni semina: hoteli, mtaalamu mgeni, cheti, na posho (tusisahau posho). Semina si kitu kibaya, lakini elimu yake humkaa mbunge kichwani, na mbunge hupita. Tangu 2005 Burundi imefanya uchaguzi wa wabunge kila baada ya miaka mitano, na kila mara sura mpya huingia ukumbini zikianza na alifu. Wafadhili nao hupita. AWEPA, jumuiya ya wabunge wa Ulaya iliyojishughulisha na mabunge ya Afrika, Burundi ikiwamo, ilifilisika mwaka 2017. Hoja yangu ni kwamba maarifa yawekwe ndani ya taasisi, kwa watumishi wa kudumu ambao uchaguzi hauwang'oi. Uganda ilianzisha ofisi ya bajeti ya bunge kwa sheria ya mwaka 2001. Kenya ilifuata mwaka 2007. Mchumi wa ofisi kama hiyo huyasoma makadirio ya serikali, akayalinganisha na ya mwaka uliopita, kisha akamwandikia mjumbe wa kamati kurasa chache zinazosomeka kabla ya kikao.

Burundi haianzi patupu. Katiba inaitaka Mahakama ya Hesabu ilisaidie Bunge kukagua utekelezaji wa sheria ya fedha. Ipo taasisi ya taifa ya takwimu, kipo na Chuo Kikuu cha Burundi. Kinachopungua ni mtu wa katikati, wa kuzigeuza ripoti nene za Kifaransa ziwe maswali ambayo mbunge anaweza kuyauliza kwa Kirundi, lugha ya wapigakura wake.

Watasema nchi ni maskini. Ni kweli, lakini watafiti wachache si mzigo mkubwa kwa bajeti, na nchi maskini ndiyo isiyomudu kupitisha matumizi kwa kubahatisha. Wengine wanahofu kwamba wataalamu watawatawala waliochaguliwa. Hofu hiyo ina msingi pale mtafiti anapompa mbunge jibu moja la kupigia kura; ampe njia mbili au tatu pamoja na gharama ya kila moja, uamuzi ubaki kwa mbunge. Pingamizi zito ni la tatu: katika uchaguzi wa wabunge wa Juni 2025 chama tawala, CNDD-FDD, kilishinda viti vyote 100 vilivyogombewa, sasa utafiti utamsaidia nani ikiwa chama kimeshaamua? Sidai kwamba takwimu zitaleta upinzani. Ila chama kinachotawala peke yake hakina mpinzani wa kukionyesha mahesabu yalipokosewa, na kosa lisiloonekana Kigobe wananchi wataliona kwenye bei ya mafuta na sukari. Hata mbunge mtiifu kabisa ana haki ya kujua anachopitisha kitagharimu kiasi gani.

Basi Bunge lenyewe litenge fungu la watafiti katika bajeti yake, liwaajiri kwa mtihani, na maandishi yao yawafikie wabunge wote kwa wakati mmoja. Mwaka wa fedha wa Burundi huanza Julai. Kazi hiyo ianze kabla muswada ujao wa bajeti haujafika mezani.